Jengo la Lumumba na Deni la Mlimani

Tarehe 25 Oktoba 1961, zikiwa zimesalia wiki sita na siku chache Tanganyika ijitawale, wanafunzi wasiofika kumi na watano waliketi katika jengo moja la mtaa uitwao leo Lumumba, mjini Dar es Salaam, wakaanza masomo ya sheria. Huo ndio mwanzo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati ule kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, nacho hakikuwa na kitivo kingine ila hicho kimoja. Miongoni mwa wanafunzi wa sheria wa miaka ile ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria wa nchi hii.

Wanaoandika habari za chuo chetu hulitaja jengo lile kwa sentensi moja, kisha huharakisha kupanda Mlimani, ambako chuo kilihamia mwaka 1964. Mimi ningependa, ndugu msomaji, tukae kidogo pale chini. Jengo lile lina jambo la kutuambia juu ya swali linaloulizwa sana siku hizi katika vikao vya wahitimu na katika ofisi za wakuu wa vyuo: ni nani mwenye wajibu wa kumsomesha mtoto wa mtu mwingine?

Jengo halikuwa la serikali ya kikoloni, wala la misheni, wala la tajiri yeyote. Lilikuwa la TANU. Chama kililijenga kwa shughuli zake, kisha kikalitoa kwa chuo, kwa kuwa taifa lilikuwa linazaliwa huku wanasheria wake Waafrika wakiwa wachache mno. Na Chama chenyewe fedha kilizipata wapi? Hakikuwa na migodi wala mashamba. Kilikuwa na ada za wanachama, bei ya kadi, na michango iliyokusanywa nyumba kwa nyumba, sokoni na katika viwanja vya ngoma.

Yatupasa kuwakumbuka hao waliochanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipima viwanja vya Waafrika katika pembe za mji, huko Magomeni, Kinondoni na Temeke. Pakainuka mitaa ya nyumba zile tuzijuazo sote, za vyumba sita na ukumbi katikati, uani jiko na choo, kila chumba na mpangaji wake. Humo walikaa makuli wa bandarini, madobi, wapishi wa Wazungu, makarani, mafundi cherehani, wauza samaki, na wanawake waliopika vitumbua alfajiri. Wengi wao hawakupata kuona darasa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alipotakiwa kwenda Umoja wa Mataifa huko New York kuieleza dunia haja ya Tanganyika, nauli yake ilichangwa na watu wa namna hiyo. Aliporudi akauacha ualimu wake wa Pugu, na baadaye akajenga nyumba kwao hukohuko Magomeni. Nyumba ile mpaka leo ipo, imefanywa makumbusho, nayo ni nyumba ya kawaida ya mtaa.

Katika uchangaji ule wanawake walikuwa mbele. Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakuanza kwa kuunda matawi juu ya karatasi. Aliviendea vyama vya lelemama na ngoma nyinginezo, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wake, sare zake na, jambo kubwa zaidi kwa mada yetu, mweka hazina wake. Wanawake wale walikuwa wamezoea kuchanga. Walichangia sare, walichangia safari, walichangia mazishi na arusi. Chama hakikuwafundisha kutoa. Kilikuja kuomba kwa watu waliokuwa mabingwa wa kutoa.

Hapa naomba ruhusa ya kuchezea neno, maana ni ugonjwa wetu watunga mashairi. Neno mchango katika Kiswahili lina majirani wa ajabu. Pana mchango wa fedha, na pana mchango ule wa tumboni unaomsokota mtoto usiku. Sina haja ya kusema kuwa maneno hayo yametoka shina moja. Hayo nawaachia wataalamu wa lugha. Lakini kila mtu aliyepata kupelekewa daftari la michango tarehe ishirini na tano ya mwezi, mshahara ukiwa bado, anajua kwamba majirani hao wawili huweza kutembeleana.

Turudi kwenye jambo. Michango tuliyoizoea mitaani, kwa sehemu kubwa, ni ya kurudishiana. Upatu ni hivyo: leo wapokea wewe, mwezi ujao napokea mimi. Mchango wa arusi nao ni hivyo, ijapokuwa hatusemi wazi. Mama wa nyumba huliweka daftari lake kabatini, nalo lina kumbukumbu kali kuliko ya karani yeyote wa serikali: fulani alitoa doti ya kanga mwanangu alipoolewa, basi wake akiolewa nami sitapungua hapo. Jambo hilo si baya hata kidogo. Limewalea watu wa mji huu mahali ambapo ukoo uko mbali na benki haimjui mtu wa chumba kimoja. Lakini yule mwuza vitumbua aliyenunua kadi ya TANU hakuwa na daftari la namna hiyo kwa mwanafunzi wa sheria. Hakumjua, hakujua kabila lake wala dini yake, wala hakutazamia kwamba wakili yule siku moja angemtafuta Temeke amrudishie senti zake. Alitoa, na alichotoa kikaenda mbele, kwa mtu asiyempa yeye chochote.

Utoaji wa namna hii nao si mgeni kwetu. Pwani yetu imeujua kwa karne nyingi kwa jina la wakfu. Mwenye shamba la minazi, au nyumba ya kupangisha, huifunga mali yake isiuzwe wala isirithiwe. Pato lake hutumika kwa msikiti, kisima, maskini au wanaotafuta elimu, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya yeye kuoza kaburini. Unguja ilikuwa na sheria ya kusimamia mali za wakfu tangu mwaka 1905. Huko Lamu, wanafunzi wa Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh walikuja kutoka pande nyingi za pwani, wakapokewa na kulishwa. Mambo ambayo vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huyafanya leo kwa fedha nyingi na wanasheria wengi, yaani kuweka mtaji usioguswa na kuwasomesha vijana kwa faida yake, mzee wa Kiswahili aliyafanya kwa minazi arobaini na mashahidi wawili.

Na yupo Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, aliyefariki mwaka 1897. Alitoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Hospitali ile ya kale haipo tena, lakini jina lake lilihamia Muhimbili, na mpaka leo mgonjwa huambiwa amelazwa Sewa Haji pasipo kujua kwamba anataja jina la mtu. Madaktari wangapi wa nchi hii wamejifunza kazi yao wakizunguka vitanda vya jengo lenye jina hilo! Elimu ya udaktari ilianza Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu.

Ng'ambo ya bahari, katika eneo la Kigamboni ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Temeke, pana mfano mwingine ambao kwangu mimi ni bora kuliko yote. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, miezi michache kabla ya kile cha Lumumba. Kilikuwa chuo cha watu wazima, kilichofuata mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichoko Oxford. Wanafunzi wake walikuwa makarani, viongozi wa ushirika na wa vyama vya wafanyakazi, ambao hawakupata nafasi ya shule za juu. Fedha za kukianzisha zilipita katika Mfuko wa Elimu wa Tanganyika ulioasisiwa na viongozi wa TANU. Zilikusanywa humu nchini na vilevile kwa marafiki wa nje, na katika kazi hiyo Joan Wicken, mama wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu kwa miaka mingi, alitumika sana. Jina la chuo hicho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Nakipenda kwa sababu mkono wa ndani na mkono wa nje ulikutana hapo katika sahani moja, na wa ndani ulitangulia kunawa.

Wakati uleule majirani zetu walikuwa wakifanya lao. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya aliwapeleka Marekani wanafunzi 81 kwa ndege moja. Mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliwaomba Wamarekani wachangie nauli, nao huko Kenya wazazi na vijiji walichanga fedha za mfukoni na za masomo. Safari za mwaka uliofuata zilichukua vijana wa nchi nyingine pia, wa Tanganyika wakiwamo. Mpango ule ulisaidia sana, ila ulikuwa wa kumtoa kijana nje. Lumumba na Kivukoni vilikuwa vya kuileta elimu nyumbani.

Chuo kilipopanda Mlimani mwaka 1964, mambo yalibadilika. Kilikuwa sasa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, nacho kilihitaji mabweni, maabara, maktaba, kumbi na walimu. Senti za lelemama hazingeweza kufanya hayo. Serikali ya Muungano ilitoa, na mataifa ya nje yakatoa. Mfuko wa Rockefeller wa Marekani ulisaidia kuwaandaa walimu. Kitivo cha Uhandisi kilichoanza mwaka 1973 kilijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Sweden imesaidia utafiti tangu miaka ya 1970. Orodha ni ndefu, na atakaye kuijua na azunguke Mlimani asome vibao vya ukutani.

Mwalimu Nyerere aliliona mapema tatizo la utajiri huo uliowekwa kileleni mwa mlima katika nchi ya wakulima maskini. Alipouelezea Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, mwaka 1964, aliwalinganisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Mfano huo ulirudiwa sana mashuleni, na mwalimu wa leo yampasa aurudie. Lakini mara nyingi tunasahau kuwa haukuwa mfano wa kubuni tu. Kijiji kile kilikuwapo. Kilikuwa Magomeni na Temeke na Kinondoni, na chakula chenyewe kilikuwa jengo la Lumumba.

Deni hilo lilitakiwa lilipwe kwa jasho, si kwa fedha. Mwaka 1966 serikali ilipowataka wahitimu wa vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa, kwa miezi kadhaa kambini na kisha kazini huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa, wanafunzi waliandamana tarehe 22 Oktoba, wamevaa majoho yao mekundu, mpaka Ikulu. Mwalimu aliwarudisha makwao wapatao 400, na siku hiyohiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baadaye wengi walirudishwa masomoni. Tangu hapo msomi alipita jeshini. Wengi walichimba na kufyatua matofali katika kambi kama Mgulani, humu humu Temeke, ambako walio wengi miongoni mwa wenyeji walikuwa wameyajua matofali tangu utoto bila ya kuwa na shahada. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza kwamba kijana wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aombe nafasi ya chuo. Kwa upande wake serikali ilibeba gharama zote: ada, chakula, malazi, vitabu, nauli ya kwenda na kurudi.

Zama hizo zina wasemaji wao, na mimi sitaki kuzipamba. Lakini ni lazima tukubali kwamba mambo mawili yalishikamana: taifa lilimlipia kijana kila kitu, na kijana aliambiwa waziwazi kuwa anadaiwa na watu, sio na ofisi.

Miaka ya 1980 hazina ilipopungukiwa, mshikamano huo ulilegea. Mwaka 1988 iliamuliwa kuwa gharama za elimu ya juu zichangiwe na wazazi na wanafunzi, na utekelezaji ukaja kidogo kidogo katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 palitokea mambo mawili kwa pamoja ambayo wachache waliyaunganisha. Mikopo ya wanafunzi ilianza kutolewa, na mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yakasimamishwa, yasirudi tena mpaka mwaka 2013. Deni la jasho lilifungwa mwaka uleule lilipofunguliwa deni la fedha. Hapana shaka hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ila ndivyo ilivyoandikwa katika kalenda.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Kazi iliyofanya ni kubwa, na maelfu ya watoto wa wakulima wasingeiona Mlimani bila hiyo. Marejesho yanayokatwa katika mshahara yalipandishwa mwaka 2016 kuwa asilimia 15, na mwaka 2021 serikali ikaiondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwalemea waliokopa. Hata hivyo mkopo umebadilisha fikra. Mhitimu wa leo akiulizwa anadaiwa na nani, hutaja Bodi, na kiasi. Akimaliza kulipa hupewa hati, na kwa hesabu yake ameshatoka katika kijiji kile chenye njaa, hana cha mtu.

Na wakopaji si sawa wote. Wapo wapatao mkopo kamili, wapo wapatao sehemu, wapo wasiopata kabisa ijapokuwa barua ya kuchaguliwa wanayo mkononi. Fedha ya kujikimu, ambayo wenyewe huiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Yeyote akaaye Dar es Salaam aweza kupiga hesabu ya chakula, chumba, daladala na karatasi za kuchapisha kazi. Tena bumu lenyewe lina tarehe zake, na tumbo lina zake.

Ndipo wanafunzi walipobuni kubebana: aliyepata kitanda bwenini humchukua mwenziwe asiyepata, wakalala wawili mahali pa mmoja, miguu ya huyu kichwani pa yule. Ni neno zuri kwa jambo gumu. Mabweni yalipozidi kulemewa, wengine walishuka mlima wakapanga Sinza, Manzese, Msewe, Mabibo na Changanyikeni. Hali kadhalika kule Temeke, tangu Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilipoanzishwa Chang'ombe mwaka 2005, wanafunzi wa ualimu wamejaa katika vyumba vya Keko na mitaa ya jirani. Basi mtoto wa chuo kikuu amerudi katika nyumba ileile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ambayo wakazi wake wa kwanza ndio waliomlipia jengo.

Humo mitaani yuko mfadhili ambaye hakuna kibao kinachomtaja. Ni mama ntilie. Anaye mwanafunzi asiye na kitu tangu juma lililopita, naye humpakulia wali na maharage, akaandika katika daftari. Bumu likichelewa mwezi, daftari hukaa mwezi. Yuko pia mwenye nyumba ambaye kodi yake ya miezi sita huisubiri kwa mikono miwili. Yuko shangazi wa Tandika aliyehamishia watoto wake sebuleni ili mtoto wa kaka yake apate chumba cha kusomea. Katika mahafali hujipanga jukwaani mabalozi, wakurugenzi wa mabenki na wawakilishi wa mashirika, na wanastahili. Mama ntilie siku hiyo yuko nyuma ya uzio anauza maji.

Sasa, wahitimu wametoa nini? Chuo kina chombo chao kiitwacho Baraza la Masajili, na kila chuo kilipotimiza umri wa kuadhimisha, kama miaka 50 mwaka 2011 na miaka 60 mwaka 2021, yalizungumzwa mengi juu ya wajibu wao. Wapo wanaotoa, tena kwa siri. Yako pia makampuni na watu binafsi wanaotoa zawadi kila mwaka kwa wanafunzi walioongoza katika masomo yao. Zawadi hizo ni jambo jema, ila nathubutu kusema kuwa humfikia mtu aliyekwisha kuvuka mto. Aliyeongoza darasa aliwahi kupata mahali pa kulala. Ambaye karatasi yake ya mtihani ilikuwa nusu tupu kwa sababu alikuwa akibebana na kushinda njaa, yeye hana jina la kusomwa.

Misaada mikubwa nayo ina tabia yake: hupenda kuta. Rais Magufuli, aliyesoma Mlimani mara tatu mpaka shahada ya uzamivu, aliagiza mabweni 20 yajengwe kwa shilingi bilioni 10. Yakafunguliwa mwezi Aprili 2017, yachukue wanafunzi 3,840, na kubebana kukapungua kwa kiasi kinachoonekana. Serikali ya China ikajenga maktaba iliyofunguliwa mwezi Novemba 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Hakuna mwenye akili atakayelalamikia vitu hivyo. Lakini kuta hazili. Msaada uliomwendea mwanafunzi mwenyewe, mkononi na tumboni, ni haba zaidi. Mfuko wa Carnegie wa New York uliwasomesha wasichana hapo Mlimani. Benki Kuu yetu iliunda mwaka 2009 mfuko wa kumkumbuka Mwalimu Nyerere kwa ajili ya wanafunzi hodari, hasa wasichana, katika hisabati na sayansi. Na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 serikali ilitenga shilingi bilioni 3 za ufadhili uitwao Samia kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Iko pia Mamlaka ya Elimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 kusimamia Mfuko wa Elimu, ambamo mtu au kampuni yaweza kuchangia.

Mimi sikusoma Mlimani. Kidato changu kiliniishia katika meza ya ofisi ya serikali, na nimeridhika nayo. Pengine ndiyo sababu nathubutu kulisema lifuatalo. Kizazi kilichosomeshwa bure tangu Azimio la Musoma mpaka mikopo ilipoanza ndicho kilichoshika vyeo vikubwa vya nchi hii kwa miaka thelathini. Walipita jeshini, ni kweli. Walipelekwa Kigoma na Lindi na Mpanda kwa mishahara midogo, ni kweli. Nami nawaheshimu kwa hayo. Hata hivyo, katika watu wote waliopanda mlima ule, wao ndio wasiopata kuandikiwa deni la hata shilingi moja, ilhali kijana wa leo hukatwa asilimia 15 kila mwezi, tena huchangia arusi za watoto wa wazee haohao. Ikiwa Baraza la Masajili litataka kujua lianze na nani, madaftari ya mahafali ya miaka ile yapo.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba kusomesha ni kazi ya serikali, na kwamba mhitimu analipa kodi. Hoja hiyo ina uzito. Chuo ni cha umma, na serikali ikijitoa kwa kisingizio cha wafadhili itakuwa imevunja ahadi ya uhuru. Lakini watu wa Magomeni mwaka 1961 walikuwa wakilipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyokuwapo, na bado walinunua kadi. Hawakusubiri kujua ni zamu ya nani.

Miaka michache iliyopita, tarishi wa ofisi yetu, mkazi wa Mbagala, alikuja asubuhi na barua ya binti yake ya kuchaguliwa Mlimani. Mkopo ulikuwa wa sehemu, na mahitaji ya kuanzia yalikuwa mengi kuliko mshahara wake. Karani mmoja alichana karatasi katikati ya daftari, akapiga mistari, tukaandika majina. Zilipatikana fedha za godoro, ndoo, sahani, nauli na chumba cha Msewe kwa miezi mitatu. Muhula wa pili karatasi ilipita tena, na ilipungua kidogo, kama zipunguavyo karatasi zote za namna ile.

Binti alihitimu, akapata kazi ya ualimu Mtwara. Likizo yake ya kwanza alikuja ofisini na bahasha na ile karatasi ya mistari, ambayo baba yake alikuwa ameitunza, akataka kumlipa kila aliyeandikwa. Watatu walikuwa wamestaafu, mmoja amefariki, na sisi tuliobaki tulitazamana. Juu ya meza ya karani palikuwa na karatasi nyingine, mpya, ya kijana wa mlinzi wetu aliyechaguliwa Chang'ombe, ikiwa na majina manne tu. Binti aliuliza kalamu, akaandika jina lake chini ya la nne.